Soda ya Mashahidi

Ukuta wa rukarakara, yale matofali ya udongo yasiyochomwa, hauna subira. Ukishaunyanyua lazima uufunike. Jua utalivumilia, upepo utauvumilia, lakini mvua kubwa tatu zikiukuta bila mabati, unarudi kuwa tope lile lile ulilolichimba. Hilo nilikuwa nalijua kabla ya fundi kuniambia. Ndiyo maana mwaka ule, walipoisimamisha kazi yangu mwisho wa Agosti, mvua zikikaribia na kuta zimeshapita madirisha, nilishindwa hata kukaa kitako.

Nianze na kiwanja chenyewe. Maisha yangu yote nilikuwa mpangaji Bwiza, mtaa wa Bujumbura. Nilizaliwa katika nyumba ya kupanga, nikaolewa katika chumba cha kupanga, na watoto watano niliwazaa nyuma ya baa ambayo muziki wake ulitikisa vikombe kabatini. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alipofariki niliuza mashine zake mbili na vitambaa vilivyobaki, nikapanda Mutakura, pembeni mwa mji, kutafuta pa kwangu. Wakati ule ukizipita nyumba za mwisho ilikuwa mihogo na migomba tu. Dada yangu alinicheka.

"Unakwenda kuishi na vyura?"

Nikamwambia vyura hawadai kodi.

Aliyeniuzia alikuwa mkulima wa pale pale, Mkristo, mtu wa maneno machache. Siku ya kulipa alileta mashahidi watatu, majirani zake. Karatasi iliandikwa kwenye ukurasa wa daftari, kwa Kirundi, kwamba fulani amepokea kwa mama fulani pesa za kiwanja, zote. Wakatia vidole. Mimi nikafungua kikapu changu. Nilileta soda kwa kila mtu, na sambusa za nyama nilizokaanga mwenyewe baada ya sala ya alfajiri. Wakala, wakanywa, wakashukuru. Nilimwona mmoja wao akiigeuza chupa ya soda mkononi kama mtu aliyepewa kiatu kimoja. Sikujali. Nilipanda miyenzi kuzunguka mpaka wangu, ile miti inayotoa maziwa, nikarudi Bwiza.

Mji ukapanda, wala haukuniuliza. Mihogo ikaisha, barabara ikachongwa, nguzo za umeme zikafika, na makomisioneri, hao madalali wa viwanja, wakaanza kuzunguka kila mmoja na simu mbili. Aliyeniuzia alikufa. Mimi nilichelewa kujenga, nasema ukweli, nilijenga pale tu kitinda mimba wangu, fundi wa magari, alipokuwa na mke na watoto wawili na sote tunalala chumba kimoja. Tulianza na msingi wa mawe, kozi tatu za matofali ya kuchoma, na rukarakara juu yake. Vyumba vitatu na sebule.

Asubuhi hiyo nilifika na chupa ya chai ya mafundi. Hakuna aliyekuwa anapandisha tofali. Wote walikuwa wameketi juu ya mchanga. Mahali ambapo mlango wangu ungekuwa alisimama mwanamume wa miaka kama arobaini, shati limechomekwa. Nilimjua kwa pua, ilikuwa ya baba yake. Alikuwa mtoto wa marehemu aliyeniuzia. Kando yake alikuwa mkuu wa karitiye, yaani wa mtaa.

"Mama," mkuu akasema, "kazi isimame kwanza. Huyu anasema baba yake alikukodisha, hakukuuzia."

"Mi niko na karatasi."

"Karatasi nimesoma. Inasema pesa ya kiwanja. Kuuza, haisemi."

Yule mtoto wa marehemu akaingilia. "Kwetu ardhi inauzwa na pombe, mama. Siku ile mulikunywa pombe gani?"

"Nilileta soda."

Akawageukia mafundi kama vile wao ndio mahakama. "Munasikia? Soda! Soda tunapewa hata wakibatiza mutoto wa mutu. Sasa wote waliokunywa, mutoto ni wao?"

Mafundi wangu, watu ninaowalisha, wakacheka. Nikarudi na chai yangu bila kuwamiminia.

Mkuu alinifuata, akanieleza maana yake njiani. Kwa watu wa pale, mnapomaliza kuuziana ardhi, mnunuzi huwapa mashahidi kinywaji, na wanakiita agatutu k'abagabo, kibuyu kidogo cha wanaume. Hapo ndipo neno linapofungwa. Nimezaliwa Bujumbura, Kirundi nakisema, na hilo nilikuwa sijalisikia, kwa sababu sisi Waislamu wa Bwiza, wanaotuita Waswahili, tulikuwa tunauziana wenyewe kwa wenyewe, kwa Fatiha na kahawa. Mashahidi wawili walikwisha kufa. Alibaki mmoja, yule wa kuigeuza chupa, na nyumba yake ilikuwa chini ya barabara. Tukaenda kwake.

"Nilikuwako," mzee akasema. "Pesa niliona. Sambusa nilikula, ilikuwa na pilipili mingi. Tukangoja kinywaji, hakikukuja. Kila mutu akarudi kwake. Sasa mi nishuhudie nini?"

"Kwa hiyo nilikodi?"

"Sikusema ulikodi. Nasema aikufungwa."

Hakuwa anasema uongo, na hilo ndilo lililoniuma. Mwongo ningepigana naye.

Mkuu akanivuta pembeni. "Mama, hii iko rahisi. Nunua makasha mawili ya bia. Tukae, mzee anywe, aseme, mi nitie muhuri. We upandishe mabati yako."

"Mukono huu haujashika chupa ya pombe. Nimekaa nyuma ya baa miaka mingi kuliko umri wako. Sianzi leo."

"Basi shauri litakwenda juu. Na kule juu wanatembea polepole kuliko mvua."

Siku zilizofuata sikuwa mtu wa kukaa na watu. Nikishasali alfajiri ninapanda Mutakura kwa mguu. Nilizifunika kuta kwa mashiti ya plastiki na majani ya migomba, nikaweka mawe juu, upepo ukafunua, nikafunika tena. Nilikuwa napitisha kiganja ukutani kama mtu anayempima mtoto homa. Nikishuka Bwiza nasikia kama wingu limenifuata, napanda tena jioni. Mkwe wangu akaniwekea chakula nikakisahau. Nilimkaripia kwa chumvi ambayo ilikuwa sawa. Kumbe komisioneri mmoja alikuwa ameshampa yule mtoto wa marehemu ahadi ya mnunuzi wa kiwanja hicho hicho, na kuta zangu ndani yake. Alikuwa anangoja tu mvua imsaidie kazi ya kuzibomoa.

Mwanangu akaniambia, "Mama, niachie mimi. Mi nitanunua hiyo bia. We geuka tu, usitazame."

"Na Mungu naye ageuke?"

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Watoto wangu watalala wapi, mama?"

Nilikwenda kwa yule mzee peke yangu, bila kujua nitasema nini. Nilitaka kumwomba, na mimi kuomba sijui, kwa hiyo huenda ningemgombeza. Hakuwepo. Mke wake alikuwa uani anakamua ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa mbao, anazikanda na majani makavu mpaka maji yanatoka meupe yana povu.

"Karibu, mama. Kaa hapo, mi siwezi kusimama, mikono imejaa." Akanichotea kikombe. "Kunywa. Hii haina dhambi, mama Muswahili. Ni maji ya ndizi tu."

Yalikuwa matamu, mazito, ya baridi. Nikaomba kikombe cha pili.

"Inakuwa pombe lini?"

"Nikiweka unga wa mutama na kufunika, siku tatu. Leo ya mutoto, kesho kutwa ya mwanaume." Akacheka mwenyewe.

Mimi sikucheka. Niliweka kikombe chini. Nilikaa pale mpaka mzee aliporudi, nikamuuliza kabla hajavua kofia.

"Nikileta maji ya ndizi, kiasi unachotaka, nikakuwekea hapa, utapokea?"

"Nitapokea."

"Na ukiyaacha siku tatu?"

Mzee akanitazama, akamtazama mke wake, akautazama ule mtumbwi. Kisha akacheka mpaka akakohoa, mke akampiga mgongoni. "Waswahili! Waswahili nyinyi! Mungu atawapa pepo kwa kumchosha na maneno." Akajifuta macho. "Lete. Kukaa siku ngapi, iyo iko kazi yangu."

Nilinunua mikungu ya ndizi zilizoiva soko la Mutakura, mwanangu akaibeba kwa gari la mteja wake. Nilikamua na mke wa mzee kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Nilitaka mikono yangu ndiyo ifanye, mtu asije kusema mama wa Bwiza alituma. Siku hiyo pia nilikunywa vikombe viwili, maana jua lilikuwa kali na kazi ile inachosha mgongo. Alipoleta kibakuli cha unga wa mtama nikamwambia angoje. Nilinawa, nikavaa viatu, nikatoka, nikavuka barabara. Ndipo aliponiuliza kwa sauti kubwa kutoka uani, "Sasa niweke?" Sikumjibu. Nilitembea tu.

Siku ya nne walikaa kwenye kiwanja changu, ndani ya kuta ambazo hazina paa. Kulikuwa na mkuu wa karitiye, mzee, majirani wanne, na yule mtoto wa marehemu. Chungu katikati, mirija imechomekwa. Mimi nilisimama nje ya dirisha, mikono kwenye khanga. Mawingu yalikuwa yameshuka kwenye milima, meusi, na watu wale walikuwa wanaulizana habari za mazao kana kwamba hakuna mbingu.

Mzee aliposhika mrija, mtoto wa marehemu akainua mkono.

"Ngoja. Anayetoa ndiye anaonja kwanza. Ndiyo desturi, tujue haina sumu. Mama aonje."

Wote wakanigeukia. Hapo nilielewa kwamba alikuwa amelala analo hilo, na amelala vizuri.

"Mi nitaonja kwa niaba yake," mwanangu akasema.

"Kiwanja iko yako?"

Mwanangu akarudi nyuma. Mkuu akatoa simu, akaanza kuitazama kwa bidii sana. Nikahesabu moyoni watu wa nyumba yangu, watano, nikatazama chungu, nikatazama wingu. Sitasema nilikuwa nimeamua nini, kwa sababu sijui. Nilikuwa nimeshashika fremu ya dirisha.

"Alionja," mzee akasema.

"Lini?"

"Siku ya kukamua. Pale kwangu. Vikombe viwili, muke wangu alimumiminia. Angekuwa ameweka sumu, tungemuzika yeye kwanza." Akaweka mrija chini ili aseme vizuri. "Munanitafuta tangu mwezi jana nishuhudie kitu. Basi mi nashuhudia. Mama alionja. Na baba yako aliuza, pesa ikahesabiwa mbele yangu, na wewe ulikuwa pale unachunga mbuzi. Sasa kunywa ao uende."

Akainama akanywa. Majirani wakanywa. Yule mtoto wa marehemu alitazama mrija wake kwa muda. Lakini kukataa kinywaji cha neno la baba yako mbele ya majirani zake ni jambo gumu kwa mtu wa kule, na yeye atake asitake ni mtu wa kule. Akanywa. Mkuu akatoa muhuri kwenye mfuko wa plastiki, akaupulizia, akaugonga kwenye karatasi yangu.

Mabati yalipanda siku iliyofuata. Mvua ilitukuta upande wa jikoni bado, kona moja ikalainika ikateremka kama ugali wa mgonjwa, tukaijenga upya kwa matofali ya kuchoma. Zingine zilisimama. Tulihamia kabla lipu haijakauka, nikawasikia wajukuu wangu wanagombania chumba, kitu ambacho watoto wangu hawakuwahi kuwa nacho cha kugombania.

Sasa iko desturi yetu nyingine. Mtu akihamia nyumba yake, humwita shehe na majirani wa Bwiza, wanasoma dua, wanakula pilau. Na shehe wetu ni mtu wa maswali. Ataingia, atasifu, atauliza, mama, hiki kiwanja ulikipataje? Madrasa tulifundishwa kwamba dhambi ya pombe haimshiki mnywaji peke yake, inamshika na aliyekamua. Mimi nilikamua ndizi. Nilikunywa zikiwa tamu, nikaondoka zikiwa tamu. Hayo najua kuyasema. Lakini pia najua nilivuka barabara kwa sababu gani.

Kwa hiyo nilisema dua ingoje lipu. Lipu ikaisha, nikasema haiwezekani kumkaribisha shehe chini ya mabati matupu, tuweke plafo, yaani dari. Mwanangu akafanya kazi Jumapili tukaweka plafo. Nikasema rangi. Rangi ya kwanza nikaikataa, nikaleta nyingine. Nikasema sakafu ya sementi inavuta vumbi, tutie karo, vile vigae vinavyong'aa. Watu wanaopita wanadhani mama huyu anapenda fahari. Chumba cha kuswalia nimeshakihamisha mara tatu, na kila mahali naona mkeka umekaa upande.

"Mama," mwanangu ameniambia wiki iliyopita, "karo zimeisha. Hata choo kina karo. Sasa tunangoja nini?"

Nimewaalika, basi. Wanakuja Ijumaa, baada ya sala. Nitamwambia shehe mlangoni, kabla hajavua viatu, ili akitaka kurudi asipate taabu ya kuvivaa. Nimeshajiambia hivyo. Mchele umechambuliwa.

Fundi naye nimemwita arudi Alhamisi asubuhi, maana ile ngazi ya mlangoni, nikiitazama vizuri, naiona imepinda.