Walii Aliyepanda Ndege Rahisi

Jana uliponionesha tiketi yako ya Ulaya, mwanangu, ya bei ya vipande viwili vya nguru, nilikumbuka siku moja niliyotokwa na jasho ndani ya basi, nje theluji, halwa nimeipakata mapajani.

Mimi si mtu wa safari. Kutoka hapa Sib kwenda Khuwair tu, mwendo wa gari mfupi, naaga majirani. Lakini dada yangu Zuwena alikuwa anaolewa Sweden alikokuwa akisoma, baba yetu keshafariki, na walii wake, wa kumuozesha, nimebaki mimi peke yangu. Bila ya walii hapana nikahi. Nikenda London kwa ndege ya heshima, na kutoka hapo, kijana mjanja, nikakata tiketi ya hizo ndege zenu rahisi, nitue asubuhi ya siku yenyewe. Mama alinambia, "Rahisi huvunja upishi." Nikamjibu kuwa naenda kuozesha, siendi kupika.

Mama akanifungasha: halwa, ubani, udi, na chetezo juu yake. Na wewe unajua, harusi yetu bila ya halwa ni mkutano tu. Kule uwanjani binti wa mizani akasema sanduku limezidi, nilipe, na malipo yanaishinda tiketi. Kulipa sitaki, kuacha siwezi. Nikavaa dishdasha tatu, moja juu ya moja, ubani nikautia mifukoni, halwa nikaikumbatia. Nikapanda ndege nanukia kama maulidi.

Nikatua. Uwanja una jina la mji, mji wenyewe siuoni, misitu mitupu. Nikamuuliza dereva wa basi mji uko wapi, akanyoosha mkono mbali, kama anayenionesha Makka. Nikapanda basi lake.

Simu ikalia. Zuwena. "Kaka, umefika?"

"Nimefika."

"Umefika wapi? Mbona hatukuoni?"

"N'nakaribia."

Akapiga tena, nami nikasema tena n'nakaribia. Ukumbi wameukodi mpaka alasiri tu. Tena, akanambia kwa sauti ya chini, watu wa bwana harusi wameanza kunong'ona: kaka mtu hakuridhika na posa, ndiyo maana anajificha. Jasho, mwanangu, lilinitoka ndani ya zile dishdasha tatu. Na kila nikitazama dirishani, mti.

Mara simu akaishika Ami Seif, aliyekuwa hukohuko harusini, mzee aliyesuhubiana na marehemu baba, anayeijua sauti yangu tangu sijabaleghe.

"Mwanangu, uko wapi?"

"N'nakaribia, ami."

"Sikukuuliza hilo. Dirishani unaona nini?"

"Miti."

"Miti ya wapi?"

"Wallahi ami, sijui."

"Haya, sasa tunazungumza. Dada'ko unataka kumuoza, au hutaki?"

"Nataka, ami."

"Basi niwakilishe: nifanye wakili wako, nimuozeshe mimi."

Nikamuwakilisha hapohapo, Wazungu wote wananigeukia. Akakubali, kisha akasema taratibu, "Na ungelinambia kweli mapema, mtoto wa watu asingelilia mpaka wanja ukamtoka."

Nilifika nikahi imeshapita, watu wameshakula. Zuwena akanitazama, macho bado mekundu, akasema, "Kaka, umenenepa lini?" Nikavua dishdasha mbili mbele yake. Akacheka, akalia tena, tukaifungua halwa.

Sikukatazi ndege rahisi, mwanangu. Panda, pesa za baba'ko hazioti kama mitende. Lakini uliza kwanza inatua wapi, maana kuuliza si ujinga. Sanduku lipime nyumbani, na usimwachie bibi yako kulifungasha. Pahala unapongojwa wewe, pasipofaa mwengine, enda siku moja kabla. Na ukishapotea, sema umepotea. Anayekungoja, ukimpa kweli yako, atatafuta njia. Ukimpa "n'nakaribia", unamfungia mlango na ufunguo unao wewe.

Nenda, Mola akutangulie. Akushushe karibu na mji, akukutanishe na watu wako macho yao makavu, na akurudishe kwetu salama. Amin. Halwa nitakununulia ndogo.