Kijiji Kilichonifungia Milango na Hoteli Iliyonikaribisha

Kijiji kizima kilinifungia milango mchana kweupe. Mwanamke mmoja peke yake ndiye alinikaribisha, akanipa chakula, akaniita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba chetu.

Huyo mmoja ndiye karibu aninyang'anye mtoto.

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Lakini hii nitaandika mpaka mwisho, kwa sababu nimeona vile mnafanya na hizi simu zenu, na roho yangu haitulii.

Ilikuwa 1985, ile njaa kubwa imetuachilia juzi tu. Kwetu ni Kikima, huko milimani Mbooni. Msichana wangu Ndinda alikuwa na miaka kumi na tano.

Siku ya soko alikuja mama mmoja mnono, amevaa viatu vya ngozi nyekundu. Akawaambia wasichana kuna kazi ya hoteli, mbali lakini mshahara mzuri. Mimi sikumwona, niliambiwa tu baadaye.

Ndinda hakurudi nyumbani.

Nilizunguka soko baada ya soko, nikiuliza huku nasuka kiondo, kile kikapu chetu cha uzi. Mikono yangu ikikosa kazi, nalia. Nikasuka mpaka nikafika soko la Zombe, huko Kitui.

Hapo Zombe kulikuwa na mnunuzi wa mbuzi, Msomali kwa jina Yarow. Alinisikiliza lakini macho yake yalikuwa kwa kiondo.

"Mama, mbona unasuka kinyume?"

"Ni mkono wangu wa kushoto. Kwani kuna shida?"

"Kuna msichana huko mpakani na kwetu Wasomali anasuka hivyo hivyo. Watu wanamcheka."

Jameni, nilitaka kumshika huyo mtu nimbusu mbele ya mbuzi zake.

Sababu ni hii. Mimi ni wa kushoto, na Ndinda alijifunzia kusuka mapajani mwangu. Anaandika kwa kulia, lakini kiondo anasuka kushoto. Mistari yetu inalala upande ambao ya wanawake wengine hailali.

Nikawauliza wanawake wa soko njia ya mpakani. Wakaangaliana.

"Huko Kitui ikiishia? Mbuzi wakiingia huko hawatoki."

"Na watu?"

"Watu pia. Usile kwao. Usinywe hata maji."

Nilienda.

Njia ilikuwa mchanga na miiba. Nilipofika, mwanamke aliyekuwa anaanika nguo alizitoa kwa kamba zikiwa bado zinadondoka maji, akaingia, akafunga. Mlango wa pili ukafungwa. Wa tatu pia. Mzee mmoja alitema mate karibu na mguu wangu na hakusema pole.

Nikaingia dukani kwa Billow, kijana mrefu wa Kisomali.

"Naomba maji, baba."

"Maji hakuna."

Pipa lilikuwa hapo mlangoni limejaa.

"Na hayo?"

"Hayo ni ya mbuzi."

"Natafuta msichana. Anaitwa..."

"Msichana hakuna. Rudi kwenu kabla jua halijakumaliza."

Mama yake Billow, bibi mmoja mkali anaitwa Nadifa, alikuwa ameketi chini anashona mkeka. Alinitazama kutoka kichwa mpaka vidole.

"Mwingine," alisema, kisha akarudi kwa mkeka wake.

Nilitoka. Ndipo nikasikia sauti ya Kikamba, tamu kama asali ya Kitui.

"Uka vaa, mwaitu! Njoo hapa! Usijali hao, hawana adabu."

Alikuwa Kaluki, mwenye hoteli ya mabati pale mwisho wa kijiji. Akaniweka chumba cha nyuma, akanipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nilikumbuka niliambiwa nisile. Lakini yeye alichukua kijiko akaonja kwanza, vile desturi yetu inataka, ili mgeni aone hakuna sumu.

Basi nikala. Na chakula kilikuwa safi kabisa. Sumu ilikuwa kwa maswali.

"Mtoto anaitwaje, mwaitu?"

"Ndinda. Nyumbani tunamwita Kanini."

"Ako na alama? Hawa watu watataka alama."

"Ako na kovu kwa goti. Alikuwa anatambaa, akavuta sufuria ya uji."

"Woi, maskini! Ndugu zake je?"

"Jonah na Musyoka."

Nilimwaga yote. Mama akiwa na uchungu, nani atamfunga mdomo? Kaluki alinishika mkono, akafuta hata machozi.

"Kaa hapa upumzike. Mimi wananijua, wacha niende nikuongelee."

Akatoka. Nikasikia mlio wa lori nyuma ya hoteli. Nikangoja. Kaluki harudi. Nikachukua kiondo changu nikaelekea dukani.

Watu walikuwa wamejaa pale. Katikati kuna mama analia kwa sauti kubwa, Kaluki ako kando yake.

"Kanini wangu! Nilimwambia dada yangu asiache sufuria ya uji karibu na mtoto anayetambaa! Ona sasa kovu la goti! Jonah na Musyoka hawalali wakimlilia!"

Maneno yangu. Yalikuwa bado na joto la mdomo wangu, na yanatoka kwa mdomo wa mtu mwingine.

Nikaangalia chini. Viatu vya ngozi nyekundu.

"Huyo ni mwizi!" nilipiga nduru. "Ndinda ni mtoto wangu!"

Watu wakaangua kicheko kibaya.

"Mama wa pili huyo!" mtu akasema. "Kesho atakuja wa tatu."

"Kaluki, waambie!" nililia.

Kaluki alinitazama kama mtu anatazama mbwa wa jirani. "Simjui. Alikuja kwangu kuuliza uliza habari za msichana. Hata mimi nilimshuku."

Aiii! Jiwe la kwanza lilinipata begani. Billow alinikamata mkono akiuvuta nyuma.

"Si mlete msichana amtambue mama yake!" mtu akapaza sauti.

"Wa mwaka jana tulimleta," Nadifa alijibu bila kuinua macho. "Yuko wapi?"



Nadifa alikuwa anaangalia kiondo changu, kilichoanguka mchangani. Akakiokota, akapitisha kidole kwa mistari. Kisha akaingia ndani, akatoka na kiondo kingine, nusu hakijaisha. Nilikijua. Uzi wa zambarau nilinunua mimi.

Akamrushia yule wa viatu vyekundu.

"Suka."

"Kusuka ni nini? Kila Mkamba anasuka." Akacheka, akasuka haraka haraka. Mkono mwepesi kweli.

Nadifa akakitazama. Akanitupia mimi.

"Wewe."

Nikafumua kazi ya yule mama, nikasuka. Kushoto.

Bibi akaleta kile kiondo karibu na uso. Mistari yangu iliendelea na ya Ndinda kama vile mtu hakuwa ameinuka kwenda popote.

Akamgeukia yule mama. "Uji umejua. Majina umejua. Hii je?"

Mama mnono alianza kurudi nyuma. Mawe yakageuka. Yeye na Kaluki walikimbilia lori, na viatu vyekundu vilibaki mchangani. Lori liliondoka na mlango wazi.

Billow aliniachilia mkono, lakini sura haikulegea.

"Mwaka jana tulimtoa msichana nje amtambue mama yake. Wanaume wakaruka kutoka kwa lori, wakambeba. Tangu siku hiyo mgeni hapewi hapa hata maji."

"Nawashukuru, baba, Mungu awa..."

"Usitushukuru," Nadifa alinikata. "Funga mdomo. Mdomo wako karibu umwuze."

Ndinda alikuwa amefichwa kwa kambi ya mbuzi, akilindwa na binti wa Nadifa anaitwa Abdiya. Walipomleta alikuwa mwembamba, nywele zimejaa vumbi. Alinishika kiuno kama mtoto mdogo. Halafu akauliza:

"Mama, ulikula kwa Kaluki?"

"Nilikula."

"Huko ndiko walikuwa wametufungia. Nilitorokea dirisha la chumba cha nyuma, hawa wakanificha."

Chumba kile kile nilichokalia.

Hakuna aliyetusindikiza. Milango ilikuwa imefungwa tena. Lakini pale kwa pipa la mbuzi mtu alikuwa ameacha kikombe, kimejaa.

Sasa nawaambia nyinyi kina mama. Juzi mjukuu wangu, mtoto wa huyo Ndinda, alinionyesha simu yake. Ameweka picha ya mtoto wake na sare ya shule. Ameandika jina, jina la nyumbani, mwalimu wake, mpaka jino lililong'oka. Watu wanamwambia, "Waa, mzuri sana! Anasoma wapi?" Naye anajibu.

Mimi nilimweleza mtu mmoja tu, juu ya sahani ya muthokoi.

Wewe umewaeleza wangapi leo asubuhi?