Mnyororo wa Jirani

Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo kompyuta yangu ilikuwa imejaa. Nilikuwa nyumbani kwetu Kansay, nikimalizia kipimo cha kutuma ujumbe kwenye simu tangi la maji likikaribia kukauka. Kamati ya maji ilishachoka na ahadi zangu. Jioni hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

Ili nipate nafasi kwenye kompyuta, nikafuta kompaila ya zamani. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya programu yawe lugha ya mashine, na nilikuwa na nyingine mpya, yenye kasi. Zote mbili ni huria, hakuna anayezifungia, lakini mashabiki wa kila upande hurushiana maneno kama watani wa jadi. Ya nini kufuga zote?

Mpya ikagoma. Ilitafsiri kila faili vizuri, ila ilipofika kuunganisha vipande viwe programu moja, ikaanza kutafuta kiunganishi cha mpinzani wake na maktaba zake, yaani akiba ya vipande vilivyokwisha kuandikwa. Kumbe siku zote ilikuwa ikiazima kwake kimyakimya! Nilitamani kulia.

"Mnyororo umekatika!" nilimpigia kelele mama uani. Ndivyo tunavyoita programu hizi zinazopokezana kazi: mnyororo wa zana.

Mama hakuuliza kitu. Kwake mnyororo ni ule unaofunga plau kwenye nira ya maksai wetu, na msimu wa kulima ulikuwa umekaribia. Akaenda moja kwa moja kwa jirani, mzee ambaye hatukuwa tukisalimiana naye tangu ng'ombe wetu waingie kwenye maharage yake.

Nilikuwa bado napakua upya ile ya zamani, mtandao ukisuasua, walipoingia wote wawili. Mzee alikuwa na mnyororo begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mama yako kasema mmekwama. Huu hapa. Hata plau ninayo, imekaa tu, maksai sina."

Nilicheka mpaka machozi. Mama akanikata jicho, ikabidi nieleze.

"Kwa hiyo hao wanaotukanana," akauliza, "mmoja anatumia mnyororo wa mwenzake?"

"Ndiyo, mama."

Mzee akatazama dirishani. Mama akaenda kuinjika chai.

Jioni kipimo kilifanya kazi mbele ya kamati, na furaha yangu haikuwa na mfano. Ujumbe uliingia hadi kwenye simu ya mama, lakini hakuuona. Alikuwa uani na jirani, wakibishana shamba la nani lilimwe kwanza.