Wimbo Niliocheza Bila Kuuliza Maana Yake

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile Jumamosi nilipowachezesha wanawake kumi na mmoja mbele ya watu wa harusi huko Kajiado, nikarudi nyumbani sijui kama nimetukanwa au nimebarikiwa. Nakusimulia kwa sababu nimesikia nawe umeanza kufundisha ngoma, na kwamba nyingi umejifunza kwa kutazama simu. Sikucheki. Mimi pia nilianzia huko.

Usidhani nilikuwa msichana. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, karani katika shamba la maua hapa Kitengela. Mume wangu alikuwa ameondoka baada ya miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikunja nguo zake tu, akaenda. Jirani yangu akaniambia, "Rispa, twende ukacheze dansi, utaoza humo ndani." Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa kule Vihiga, na alitulea akisema ngoma ni za shetani, kwa hivyo siku ya kwanza nilicheza nikitazama mlango kana kwamba angeingia na kiboko. Lakini mwili ulifunguka. Miaka miwili baadaye mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha, kila Jumamosi, katika chumba cha kukodi juu ya duka la simiti. Wakaniita Mwalimu. Mtu ambaye hajawahi kuitwa Mama Fulani akiitwa Mwalimu, mwanangu, jina hilo hulishika kwa mikono miwili.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwako Kwamboka, nesi, binti wa Kisii. Alikuwa ameposwa na kijana wa Kimaasai, Lemayian, ambaye kwao ni Kajiado. Akaniambia, "Mwalimu, hao ndio watakuwa watu wangu. Tuwachezee kitu cha kwao, waone nawaheshimu."

Nikatafuta kwenye simu. Nikapata wanawake wa Kimaasai wakiimba kwa sauti ya chini, wakiyumba taratibu. Hakukuwa na maelezo yoyote. Niliutazama wimbo ule wiki nzima, na kila ulipoisha niliurudia, nisijue ni kwa nini. Ningeweza kuuliza. Mama wa Kimaasai aliniletea maziwa kila asubuhi. Nilimsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitikia "Iko," tukaachana. Kumuuliza maana ya wimbo kungenigharimu nini? Lakini nilijiona Mwalimu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema jinsi kunavyomchoma mtu aliyepata cheo juzi. Basi nikaandika maneno kama sikio langu lilivyoyasikia, nikauharakisha wimbo, nikaongeza mabega ili uwe wa furaha. Tukaufanyia mazoezi miezi miwili.

Siku ya harusi tuliingia hemani baada ya chakula, tumevaa shanga. Vijana walishangilia, simu zikainuliwa. Tulipofika ubeti wa pili, kina mama waliokaa mbele wakanyamaza. Mmoja akafunika mdomo kwa kiganja. Mama mkwe wa Kwamboka akainamisha kichwa. Mimi nikadhani tumepoa, nikawaashiria watu wangu waongeze sauti. Ngoma ivumayo sana hupasuka, na yangu nilikuwa naipiga kwa nguvu zangu zote.

Ndipo akasimama bibi mmoja mzee, mwenye fimbo. Alikuja moja kwa moja katikati yetu, akanishika mkono. Alikuwa nyanya yake Lemayian, na wote pale walimwita Koko.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, Koko."

"Hii wimbo umetoa wapi?"

"Kwa simu."

"Simu ilikuambia inasema nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Hii ni wimbo ya mama hana mtoto," akasema, bila ukali, na hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. "Anaomba Enkai, Mungu, amfungue tumbo. Sasa unaimbia bibi arusi yetu? Leo? Ni nani hapa hana mtoto?"

Ningesema tu ni makosa, Koko, tusamehe. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayakusanya. Hadi leo sijui ni nini kilichonifungua kinywa.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye sina."

Hema lote lilisikia. Hata wanafunzi wangu hawakuwa wakijua; nilikuwa nikiwaambia wanangu wako shule za bweni huko nyumbani. Koko hakuniachilia. Akasema, "Basi si yake. Ni yako. Kuja."

Akanitoa nje, nyuma ya hema, karibu na matangi ya maji, na wazee wanne wa kike wakatufuata. Walichuma nyasi, ambazo kwao ni baraka, wakanitia mkononi, wakauimba ule wimbo. Waliuimba polepole, bila mabega, magoti yakikunjwa kidogo tu. Mwanangu, nilikuwa nimeufundisha miezi miwili na sikuutambua! Wakanitemea mate ya baraka kiganjani. Nikalia, nisijue kama ni kwa aibu au kwa shukrani. Nimeharibu sherehe ya watu, nao wananiombea! Nilijiona kama mwizi aliyekamatwa kisha akaandaliwa chakula.

Walipomaliza, Koko akanipangusa uso kwa pindo la shuka yake. "Sasa rudi. Kwenu hakuna wimbo ya bibi arusi?"

"Iko, Koko. Lakini sijawahi kuucheza mbele ya watu."

"Hiyo ndiyo utaimba."

Nikarudi, nikaimba wimbo wa kwetu niliousikia utotoni, nikiwa nimejificha baba asinione. Ubeti wa pili ulinipotea, nikarudia wa kwanza mara tatu. Wanafunzi wangu walinifuata wakigongana. Watu walipiga makofi, wengine labda kwa huruma. Husemwa mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilikuwa ugenini na nilitunzwa kuliko nilivyostahili. Lakini Kwamboka, pale alipoketi, hakuinua macho.

Hakupokea simu yangu baada ya hapo. Mwaka ukapita bila yeye kushika mimba, nikaanza kusikia kwamba kwa wakwe kuna wanaonong'ona kuhusu ule wimbo. Mwaka wa pili ukaanza vilevile. Nilifunga darasa. Kila nilipomwona mwanamke mjamzito barabarani niliingiwa na hofu, kana kwamba kila tumbo lililobaki tupu Kajiado lilikuwa kazi yangu. Mwishowe nikafunga safari kwa Koko. Nilimkuta akitunga shanga uani.

"Koko, niambie ukweli. Nilimfunga yule msichana?"

Alicheka hadi akakohoa. Nikabaki nimesimama, sijui nicheke au niondoke.

"Wimbo haifungi mtu," akasema. "Na wewe si mkubwa hivyo. Makosa yako ni moja, hukuuliza. Sasa umefika. Keti, uliza."

Nikaketi. Tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila mwezi hadi Mungu alipomchukua. Nililifungua tena darasa, na somo la kwanza nikawaambia wanafunzi kwamba niliwafundisha nisichokijua, na kwamba wale watoto wa shule za bweni hawakuwako. Kati ya kumi na mmoja, sita walirudi.

Mwaka wa tatu Kwamboka alijifungua binti. Alimleta mwenyewe nyumbani kwangu, akaketi, akasema, "Mwalimu, kila nikienda kule walikuwa wananiangalia tumbo. Nilitafuta mtu wa kulaumu." Nikamwambia alikuwa na haki. Tukanywa chai. Urafiki wetu ulirudi, ingawa si ule wa zamani.

Mimi sikupata mtoto. Usiniulize kama maombi ya wale kina mama yalisikika; ninajiuliza mwenyewe, na siku nyingine nakasirika, siku nyingine nashukuru. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile naweza kusema "sina mtoto" nikiwa nimemtazama mtu usoni. Labda kufunguliwa ni huko. Labda si huko. Uzee hauji na majibu yote, mwanangu, wala usimwamini mzee anayekuambia anayo.

Lakini hili nalijua, nawe lishike. Kabla hujamfundisha mtu ngoma, uliza ni ya nani, huchezwa lini, na ni nani huililia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, hata akiitwa mwalimu. Ukikosea mbele ya watu, usiongeze sauti. Simama, useme ni wewe. Uliyemkosea mwache akasirike mpaka amalize, wala usimharakishe. Na usijifanye mkubwa kiasi cha kudhani kosa lako limezifunga mbingu. Kaa chini, jifunze upya.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa jukwaa. Akikupa jukwaa, akupe na watu wa kukuambia ukweli bila kukuchukia. Ayape magoti yako nguvu, uzeeke ukicheza, na popote utakapokwenda pasikose wa kukuitikia. Amina.