Mvua ya Senge

Mtumbwi wa baba niliuzamisha mimi, kwa fundo zuri. Watu walikuwa wameanza kuuchukua bila kuomba, basi jioni moja nikaufunga kwenye kisiki kwa kamba fupi, nikakaza mpaka viganja vikauma. Usiku mto Nzoia ukapanda. Mtumbwi ukataka kupanda nao, kamba ikakataa, maji yakaingia. Asubuhi tulikuta kisiki, kamba iliyonyooka kuelekea chini majini, na fundo.

Dada yangu wa darasa la nane alilitazama. "Si ulisema fundo lako haliwezi kufunguka? Kweli halijafunguka."

Shule yake ilikuwa ng'ambo, na mtihani wa mwisho ulianza Jumanne ya wiki iliyofuata. Kuzunguka hadi daraja la Webuye kungemlia nusu siku. Wazazi walipofariki niliacha kidato cha pili ili yeye na wadogo wetu wasome. Sikuacha ili azuiwe na kamba.

Maji yetu yalitoka Kitale. Mvua ikinyesha kule alasiri, kwetu mto ulijaa alfajiri, hata kama hatukupata tone, kisha ukapungua. Senge, dada ya baba, aliishi Kitale na alikuwa na simu. Sisi tulitumia ya jirani mwenye kinu cha kusaga. Senge hakupiga, alibipu: mara moja ni jua, mara mbili ni mvua.

Siku nne mfululizo alibipu mara moja. Mto ukashuka mpaka ncha ya mtumbwi ikachomoza, tumbo limejaa mchanga. Tukaleta ng'ombe wanne wa jembe. Walivuta mpaka wakapiga magoti, mtumbwi haukusogea. Mwenye ng'ombe akawafungua. "Ng'ombe wangu ni wa kulima, bana. Kuvua hawajui."

Nikakaa juu ya kisiki. Kilichouzamisha mtumbwi ni mto uliopanda na kamba iliyokataa kulegea. Kumbe mwenye nguvu za kuupandisha tulikuwa tunamjua: mto wenyewe. Nikaenda Bungoma kwa muuza mafuta ya taa karibu na msikiti, nikamwomba mapipa matupu sita.

"Unafungua depo?"

"Naopoa mtumbwi."

"Chukua. Ila yarudi kabla hayajaota magamba."

Tukachota mchanga kwa sufuria, tukafunga mapipa matatu kila upande kwa kamba fupi kabisa. Ya kwenda kisikini nikaiacha ndefu. Kilichobaki ni mvua, nikampigia Senge mwenyewe.

"Wiki nzima unaniambia niombe jua," alisema. "Sasa ati niombe mvua. Mungu atatuona watu wa aina gani?"

"Omba tu, Senge."

Ijumaa alibipu mara moja. Jumamosi pia. Dada yangu alisomea ukingoni, akigeuza ukurasa na kuangalia maji. Jumapili jioni simu ikalia ikakatika, mara mbili, tatu, tano. Tano hatukuwa tumekubaliana ni nini.

Alfajiri mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mapipa sita yalikuwa yakielea, na katikati yao mtumbwi wa baba, umelala upande kama mlevi anayepelekwa nyumbani na rafiki zake. Tukauvuta hadi pa maji ya magoti, tukaukomba maji, tukashinda Jumatatu tukiziba nyufa.

Tano ilikuwa mvua ya mawe. "Mlinipa alama ya mvua," Senge alilalamika baadaye, "ya mawe hamkunipa. Na sukuma wiki yangu shambani imekwisha yote."

Jumanne nilimvusha dada yangu. Alishika rula na kalamu mbili, miguu ameiinua isiguse maji kidogo yaliyokuwa yakivuja. Tulipofika ng'ambo nikaokota kamba nitafute pa kufunga.

"Leo usifunge," alisema. "Ningoje tu."

Nikakaa mle ndani, kamba mkononi, mpaka akatoka kwenye karatasi ya mchana.