Maharage ya Kasuku wa Mzee Anaclet

Kwa Ninahazwe, mtu mzima asiyejua kupika maharage hakulelewa. Mama huyu wa Kirundi, mwenye miaka hamsini na mitatu, anawauzia makuli na madereva wa malori wanaotoka bandarini sahani za maharage, na chumba chake cha mtaa wa Point, Durban, kinanukia mawese tangu asubuhi. Ndiyo maana Machi 2015, Mzee Anaclet wa chumba cha pili alipokwenda kupasuliwa nyonga, hakusita kumwachia kasuku wake.

Kasuku huyo wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, aliitwa Gaspard. Anaclet ni Mkongomani aliyestaafu kazi ya kuchomelea meli. Hakuwa na mke wala mtoto mjini hapa. Alikuwa na Gaspard, mwaka wa kumi na moja sasa.

"Karoti, mahindi, na maharage ya kuiva," aliagiza. "Chumvi hapana. Kitunguu hapana kabisa, kinaua ndege. Avokado usimwonyeshe hata kwa dirisha."

"Mzee, maharage unanifundisha mimi?"

"Sikufundishi, mama. Nakuomba."

"Utamkuta mnene. Neno langu umelipata."

Alilishika neno hilo bila kulegeza. Kila siku, kabla sufuria haijatiwa kitunguu, chumvi na mawese, alichota kijiko kimoja, akakipoza, akampelekea ndege. Gaspard alichukua punje moja moja kwa mguu, akaigeuzageuza, akaivua ganda kwa ncha ya mdomo. Annick, msusi wa ghorofa ya chini, alisimama mlangoni akiwa na njaa yake.

"Huyu anakula kwanza, sisi wateja tunangoja? Eish. Nikizaliwa tena nitakuwa kasuku."

"Utakuwa kasuku wa maneno tu. Kaa, usubiri."

Siku ya tisa umeme ulikatwa kwa mgawo, sufuria ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutoa mvuke. Ninahazwe hakubabaika. Kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako kutafuta kuni kulimaliza nusu ya siku, wanawake walizoea kuipasha sufuria, kisha kuifunga kwa blanketi ijipikie kwa joto lake. Akafunga. Umeme uliporudi baada ya muda wa saa nne, punje zilibonyea kidoleni. Akachota kijiko cha Gaspard kwanza, kama kawaida, ndipo akarudisha sufuria jikoni pamoja na kitunguu, ikatokota saa nzima. Wateja walikula, wakaenda zao salama.

Alasiri Gaspard alitapika. Akashuka chini kabisa ya tundu, manyoya yamefura, macho nusu yamefumba. Ninahazwe alimwita kwa jina mara tatu. Ndege aliyezoea kumjibu hata mwenye kukohoa barabarani hakutoa sauti.

"Twende kwa daktari," Annick alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Walimweka kwenye boksi lenye taulo, wakachukua teksi.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana, mchache wa maneno. Annick alitafsiri. Alikula nini? Maharage mekundu. Yana chumvi? Hapana. Kitunguu? Hapana. Yalichemka kwa muda gani?

Ninahazwe alifikiri. "Hayakuchemka. Yaliiva kwa blanketi."

Daktari aliinua uso, akaeleza polepole. Maharage mabichi yana sumu, na mekundu yanaongoza. Kuyaloweka na kumwaga maji kunasaidia, lakini kinachoimaliza ni kutokota kwelikweli, maji yakipinduka. Joto dogo linalainisha punje na kuiacha sumu humo ndani. Wateja waliokolewa na ile saa nzima ya kutokota jikoni. Kijiko cha Gaspard kilitoka kabla yake.

Ninahazwe alikaa. Maharage yalimlea yeye, yakalea wanawe watatu, yakawavusha mipaka. Kumbe kila punje ilizaliwa na silaha yake, na kila siku, tangu yeye binti wa miaka tisa, moto ulikuwa ukiipokonya mbele ya macho yake naye asijue.

Gaspard aliwekwa kwenye mizani: gramu mia nne na ishirini. Hata nusu kilo ya sukari inamzidi. Daktari alisikiliza kifua, kisha, labda kwa kuona alivyotazamwa, akampa Ninahazwe kile kipimo avae masikioni. Mapigo ya moyo hayakuwa kishindo, yalikuwa mvua juu ya bati.

"Zaidi ya mara mia mbili kwa dakika," Annick alitafsiri, kwa sauti ya chini.

Ninahazwe alikivua taratibu, kama mtu anayetoka kanisani wengine wakiwa bado wanasali.

Ndege alidungwa maji chini ya ngozi, akawekwa penye joto. Daktari hakuahidi kitu. Siku ya tatu Gaspard alipindua bakuli lake kudai chakula.

Anaclet alirudi Ijumaa, na magongo mawili. Ninahazwe hakumngoja akae.

"Nilikupa neno, nikalivunja. Nusura nimuue." Akasimulia yote, blanketi na daktari, bila kupunguza. Mzee aliegemeza gongo moja, akamkuna Gaspard kichwani.

"Wewe ulikuwa unayachemsha muda gani?" mama aliuliza.

"Sikuchemsha."

"Vipi?"

"Yangu yanatoka kwa kopo. Yanakuja yameshapikwa. Naosha chumvi, nampa."

"Na hukuniambia."

"Ningeanzia wapi kumwambia Mrundi kwamba mimi nakula maharage ya kopo?"

Ninahazwe hakucheka. Alikwenda kuwasha jiko, akamwaga maji ya kulowekea, akatia mapya. Anaclet alimfuata kwa magongo yake, akainama juu ya sufuria. Maji yalianza kupinduka, punje zikipanda na kushuka.

"Sumu iko inatoka sasa?" mzee aliuliza.

"Iko inatoka."

Wakabaki wameinama, wakitazama, ingawa hapakuwa na cha kuona.