Masalale ya Haraka

Katika bonde la Rufiji, mpunga ukishachanua watu huhamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, ili waamie ndege na nguruwe. Kutoka dungu hadi dungu ni mbali, kwa hiyo habari husemwa kwa kupaza sauti, na anayepewa habari lazima aitike: "Masalale!" Asipoitika, msimuliaji hunyamaza, maana ameona kadharauliwa. Nimekulia huko, na neno hili nalijua kwa urefu wake. Likiwa fupi, ndege wamekula. Likivutwa kidogo, nyumba imeungua. Likivutwa mpaka pumzi iishe, kuna mtu amekufa.

Mafuriko yalipomchukulia mama shamba lake, alihamia kwangu Ikwiriri na mkeka, sufuria mbili, na kisa cha kiboko. Mimi nafua mashuka ya gesti. Jioni narudi mgongo umekufa ganzi, vidole vimekunjamana kwa dawa ya madoa, na kabla sijavua kandambili yeye ameshaanza: "Siku ile ya kiboko, mwanangu, alfajiri, weye mchanga wa miezi minne, baba yako kaenda Chumbi..." Kiboko anatoka mtoni, anafyeka mpunga, anakuja mpaka chini ya dungu, anajikuna kwenye nguzo, dungu linayumba. "Masalale!" nasema, ya urefu wa wastani, kisha nainuka kuwasha jiko.

Ilikuwa hivyo kila jioni. Nitasema kweli: nilikichoka kisa kile, na siku nyingine nilimchoka mwenyewe. Nikawa naitoa masalale yangu mapema, kiboko bado yuko mtoni, ilimradi nipate kuinuka. Mama alikuwa akikatishwa hivyo anatazama mikono yake, halafu anasema, "Haya, kapike."

Siku moja maji yalikatika pale gesti, tukaruhusiwa mchana. Nilipitia uani, nikaingia jikoni na kujinyoosha juu ya gunia. Barazani mama alikuwa na mwanamke wa Mohoro anayepitisha kambale wa kubanika. Mwanamke yule alikuwa ametua beseni lake, amechoka kama mimi, wala hana haraka. Nikamsikia mama anakianza kisa. Nikafumba macho. Kiboko akatoka mtoni, akala, akafika kwenye nguzo, akajikuna. Pakafika mahali pangu pa kuitikia. Mgeni hakuitikia, alikaa kimya akisubiri.

Mama naye akanyamaza kidogo, kisha akaendelea. Mimi sikujua kama kisa kile kinaendelea.

"Mtoto akaanza kulia," alisema. "Miye nikamziba mdomo na pua kwa kiganja hiki. Nikakaza mpaka yule mnyama alipoondoka. Kumfunua, kalegea, hana pumzi. Nikajua nimemuua mwanangu kwa mkono wangu. Nikampuliza, nikampigapiga, nikampuliza tena, mpaka akakohoa. Sijamwambia mtu. Baba yake kafa hajui. Nataka nimwambie mwenyewe, aniwie radhi, lakini kila nikikaribia hapo, anainuka."

"Pole, mama yangu," alisema mwanamke wa Mohoro.

Pale jikoni nililitafuta neno langu, fupi au refu, sikulipata. Niliona aibu. Masalale zote zile za jioni nilikuwa namfungia mlango, naye alikuwa anarudi kesho yake kubisha tena.

Nilitoka barazani. Mama aliponiona alishtuka, akaficha mkono wa kulia ndani ya kanga. Mgeni akajitwisha beseni lake, akaaga.

Nikakaa mkekani, nikautoa mkono ule ndani ya kanga, nikaushika. Mkono wangu ulikuwa unanuka dawa ya madoa.

"Nianzie tena, mama," nikamwambia. "Tangu alfajiri."

Akaanza. Kiboko akatoka mtoni, akala mpunga. Alipofika kwenye nguzo, sikuitikia.